Viazi Kwenye Makaburi ya Misheni

Mzee Libérat hakuwa na baiskeli yenye breki. Hakuwa na meno ya kutafunia upande wa kushoto, wala koti la Jumapili ambalo vifungo vyake vinafanana. Hakuwa na mtoto padri, hakuwa na mtoto askari, hakuwa na mtoto yeyote ambaye jina lake likitajwa ofisini karani ananyanyuka kwenye kiti. Ng'ombe hakuwa naye. Mbuzi alikuwa naye mmoja, lakini mbuzi huyo hakuwa na adabu, kwa hiyo tusimhesabu. Hakuwa na picha ya baba yake wala ya mama yake. Na katika nchi hii nzima, ambayo sasa ilikuwa nchi yake kwa cheti chenye muhuri, hakuwa na kaburi hata moja la mzee wake ambalo angeweza kulipalilia siku ya Marehemu Wote na kuwaambia watoto: sisi tumeanzia hapa.

Alichokuwa nacho ni ufagio. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa anafagia makaburi ya misheni ya zamani ya Itundwe, kule upande wa Litapunga, bila mshahara na bila kuombwa. Misheni yenyewe ni ya tofali za kuchoma, iliyojengwa na mapadri wazungu wenye ndevu waliokuja kwa miguu kutoka ziwani. Kanisa limeezekwa kwa vigae vilivyofinyangwa palepale kijijini. Pembeni kuna nyumba ya mapadri yenye baraza ya matao saba, na karakana ya useremala ambayo siku hizi ndiyo ukumbi wa mikutano. Kuna pia mnara wa kengele, ambao nyuki waliuhamia kabla ya Uhuru na hawajaona sababu ya kuhama. Kengele ikipigwa, waumini wa Itundwe huingia kanisani kwa mbio, wengine kwa ibada na wengine kwa usalama.

Nyuma ya kanisa, ndani ya ukuta mfupi wa mawe, wamelala mapadri sita, masista wawili, katekista wa kwanza, na fundi Yakobo aliyechonga milango yote ya misheni. Libérat aliwajua wote kwa majina na kwa vifo vyao. Akija mgeni, alimwonyesha kwa mpini wa ufagio. "Huyu homa," alisema. "Huyu homa. Huyu homa. Huyu alianguka kutoka juu ya paa. Huyu homa."

Jumapili moja ya Majilio, baada ya matangazo ya ndoa, Padri Heri alisoma waraka. Makaburi ya zamani yanafungwa ili yatunzwe kama kumbukumbu. Kuanzia sasa watu watazikwa kwenye eneo jipya, karibu na uwanja wa mpira. Hata hivyo daftari linaonyesha kwamba ndani ya ukuta wa mawe imebaki nafasi moja, kati ya fundi Yakobo na ukuta wenyewe. Mwenye kuitaka alete jina, na halmashauri ya walei itaamua wiki moja baada ya Pasaka.

"Mimi!" alisema Mzee Libérat, na alikuwa amekwisha simama.

"Bado sijamaliza kusoma, mzee," alisema Padri Heri.

"Endelea tu, Padri. Nitasubiri nikiwa nimesimama."

*

Nyumbani alimkuta mkewe Séverine anapembua maharage. Waliishi nyuma ya mikaratusi ya misheni, katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na binti yao Jeannine, aliyekuwa mhudumu wa afya wa kijiji na aliyerudi kwao baada ya mumewe kwenda kutafuta dhahabu na kupata mke mwingine.

"Mama Jeannine, nimepata mahali."

"Pa nini?"

"Pa kufia."

"Pa kufia ni popote, Baba Jeannine. Juzi nusura ufie chooni."

"Pa kuzikiwa, nasema! Ndani ya ukuta. Karibu na fundi Yakobo."

Séverine aliacha kupembua. "Na mimi je?"

Swali hilo halikuwa limemjia. Lilimkuta mdomo wazi, na mdomo wa Libérat ukiwa wazi ulikuwa na nafasi nyingi. "Tutabanana," alisema mwisho.

"Miaka arobaini nabanana na wewe kitandani. Nilitegemea kule angalau nitajinyoosha."

"Mama, mwache Papa afurahi," alisema Jeannine kutoka jikoni. "Watu wengine wanapata viwanja Mpanda mjini, yeye amepata hicho."

"Sijakipata bado," alisema Libérat, na uso wake ukabadilika. "Nimeomba tu." Alikaa kwenye kigoda, akavua koti lenye vifungo vya makabila mbalimbali. Mwaka sabini na mbili alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na miaka kumi, ameshika kanga ya dada yake. Baba yake alifia njiani akazikwa haraka chini ya mti, na hakuna aliyekumbuka mti upi, kwa sababu njia yote ilikuwa miti. Libérat hakuzungumza habari hiyo mara kwa mara. Alifagia tu.

*

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka misani, walikuta mtu amelala chali kwenye nafasi ile ya mwisho, kofia imemfunika uso, fimbo ya kuchungia imelala ubavuni kama mke.

Alikuwa Mzee Kashinje, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, aliyehamia upande wa Kakese miaka thelathini iliyopita na kubatizwa uzeeni. Alikuwa mrefu hata akilala. Viatu vyake vya matairi vilikuwa vimegusa ukuta na kichwa chake kilikuwa kimeingia kidogo kwa fundi Yakobo.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza Libérat, ufagio mkononi.

"Napima," alijibu Kashinje kutoka chini ya kofia. "Kizuri. Kina upepo. Miguu inazidi kidogo, lakini nitawaambia wanikunje."

"Hapo pameombwa!"

"Na nani?"

"Na mimi."

Kashinje aliinua kofia, akamtazama tangu utosini mpaka miguuni, safari ambayo haikuchukua muda. "Bhebhe, wewe Mrundi, na kimo hicho? Utapotea humu. Siku ya ufufuo malaika watakutafuta mpaka wachoke, wakuache. Wewe unatosha kwenye chungu cha maharage."

Watu walicheka. Wanakwaya walicheka mpaka wakashikana mabega. Libérat hakucheka.

Hapa lazima jambo moja lieleweke. Huku kwetu Msukuma hafi bila mtani, na Mnyamwezi naye vivyo hivyo, na makabila mengi mengine. Siku ya mazishi, watu wakilia, mtani huingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Huvaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake. Huwauliza wajane kama kuna chai. Na waliofiwa, wakitaka wasitake, hucheka katikati ya machozi, na kazi ya kuzika inakuwa nyepesi. Ni heshima kubwa, japo haifanani na heshima.

Warundi walipokuja walikuja bila watani. Katika miaka hamsini hakuna aliyekumbuka kuwapa. Kashinje, ambaye alikuwa amehudhuria misiba yao mingi na kuiona mizito kama chakula bila chumvi, alikuwa ameamua peke yake, akiwa machungani, kwamba atamtania mmoja wao kwa kuanzia. Akamchagua Libérat kwa sababu alikuwa mkali, na mtu mkali hutanika vizuri. Kosa lake lilikuwa kwamba hakumwambia. Lakini mtani hatoi taarifa, kama vile mvua haitoi.

Libérat aliwahi kuona utani kwenye misiba ya watu, kama mtu anayetazama mpira wa vijiji vingine. Alijua wanakimbia. Hakujua kwamba siku moja mpira ungekuja mguuni kwake. Alimwona mtu tajiri amelala kwenye kaburi lake, na alifanya alichofundishwa na maisha.

*

Warundi walipofika katika makazi yao ya wakimbizi zamani zile, kila familia ilipewa eneo la msitu na sheria moja: asiyelima ananyang'anywa. Sheria hiyo iliingia katika mifupa ya Libérat. Kwake ardhi isiyo na zao ni ya mpita njia. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mvua ikiwa imetoka kunyesha, alibeba jembe na mzigo wa marando, akaenda makaburini, akainua matuta mawili ya urefu wa mtu mmoja, akapanda viazi vitamu. Kuzunguka matuta alichomeka vipande vya minyaa, kama wanavyoweka mipaka kwao. Kisha alikaa juu ya jiwe akapumzika, kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Padri Heri alikuwa kijana mpole aliyesoma mambo mengi, lakini hili hakulisoma popote.

"Mzee Libérat, umepanda viazi kwenye makaburi?"

"Si kwenye makaburi, Padri. Kwenye langu."

"Lakini bado halijawa lako."

"Ndiyo maana nimepanda."

Padri aliangalia matuta. Yalikuwa yamenyooka vizuri sana. Akaenda zake kusali.

Tangu siku hiyo vita viliendelea msimu mzima wa mvua. Kila Jumapili baada ya misa, Kashinje alikwenda kusimama kando ya viazi, mikono nyuma, kama bwana shamba.

"Vinaendeleaje viazi vyangu?"

"Si vyako!"

"Asante kwa kunipandia, mtu mwema. Mke wangu atavikata, atavianika, nizikwe na michembe yangu ya safari. Mbinguni naambiwa wanapika mikate tu."

"Nenda ukazikwe na ng'ombe zako!"

"Ng'ombe wangu wanakusalimu. Wameuliza kama wewe ndiye yule ndama aliyepotea."

Watu walianza kuchelewa kurudi nyumbani ili wasikose. Mahudhurio ya misa ya pili yalipanda, na Padri Heri aliona ni neema, hakuuliza imetoka wapi. Kijiji kizima kilijua ni utani isipokuwa mtaniwa. Wala hakuna aliyemwambia, kwa sababu utani ukielezwa hufa, na huu ulikuwa mnono.

Mwezi wa pili wakaja walimu kutoka Mpanda kutazama majengo ya kale. Libérat aliwatembeza kama kawaida. Aliwaonyesha matao saba, akawaonyesha mnara kutoka mbali, akawafikisha makaburini. "Huyu homa," alisema. "Huyu homa. Huyu ni fundi Yakobo, ngiri. Na hapa ni mimi."

Walimu walirudi nyuma hatua mbili.

"Wewe, mzee?"

"Mimi. Msikanyage majani."

Mmoja aliomba kupiga naye picha. Libérat alikubali, akavua kofia. Kwenye picha ile anaonekana amesimama wima katikati ya viazi, uso umetulia, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango haujafungwa.

Nyumbani hakutulia. Alianza kula haraka ili awahi kulinda. Alimuuliza Séverine kila jioni kama Msukuma anaweza kununua kaburi. Séverine alikwisha ambiwa ukweli na wanawake wa kwaya tangu wiki ya kwanza, lakini alinyamaza kwa sababu zake mbili. Ya kwanza, mume wake alikuwa ameacha kulalamika mgongo. Ya pili, kwa miaka yote aliyokaa naye hakuwahi kuona watu wa kabila jingine wakimjali mume wake kiasi cha kumtukana kila wiki.

"Mwambie, Mama," alisema Jeannine.

"Nimwambie nini? Kwamba ana rafiki? Atakataa."

*

Utani ungebaki utani kama si Agape, katibu wa halmashauri ya walei. Agape alikuwa dada mwaminifu mwenye sifa moja nzuri na mbaya: aliandika kila kitu, utani na kweli kwa wino mmoja.

Siku ya Matawi, Kashinje akiwa amezungukwa na watu, alipaza sauti akimtazama Libérat: "Nikipewa mimi hapa, naapa, kanisa lote naliezeka bati la rangi! Huyu Mrundi atawaezekea nini? Majani ya maharage?" Watu walicheka, Libérat akashika ukuta. Agape alitoa kalamu kwenye nywele na kuandika: *Mzee Kashinje, ahadi, bati, kanisa lote.*

Basi wiki moja baada ya Pasaka, halmashauri ilikaa kwenye karakana ya useremala. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa Deogratias, mwalimu mstaafu aliyependa kusema "kwa mujibu wa". Libérat alikaa benchi la mbele na familia yake, amevaa koti lake, na Séverine alikuwa amejitahidi kwenye vifungo mpaka viwili vikafanana. Kashinje alikaa nyuma, ameegemea fimbo. Alikuja kutazama rafiki yake akipewa kaburi, na alikuwa ameandaa tusi zuri la kumpongeza.

"Kwa mujibu wa barua zilizoletwa na ahadi zilizotolewa," alisema Mwenyekiti, "tuna waombaji wawili. Mzee Libérat. Mchango wake..." Aligeuza karatasi, akaangalia nyuma yake. "Agape, mchango wake?"

"Haukuandikwa, Mwenyekiti."

"Anafagia," alisema mtu dirishani.

"Kufagia kunafahamika, lakini hakuna risiti. Wa pili, Mzee Kashinje. Mchango wake, bati la kanisa zima. Wote tunajua vigae vimepasuka. Krismasi Padri aliadhimisha misa chini ya mwavuli. Kwa hiyo halmashauri, baada ya kutafakari na kusali, inampa nafasi Mzee Kashinje. Makofi."

Hakuna aliyepiga makofi. Waliodhani ni mwendelezo wa utani walicheka kidogo, wakamwangalia Mwenyekiti, wakaacha. Nyuma kabisa, Kashinje alikuwa amekaa wima kama mtu aliyekalia mwiba.

Libérat alisimama. Alishika benchi la mbele, ambalo halikuwepo, kisha akashika mkono wa Jeannine.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi bati sina. Kama ni bati, nimeshindwa, na sitapiga kelele. Viazi nitaving'oa kesho. Lakini nataka niseme nilichokuwa natafuta, ili msidhani nilitaka kulala na mapadri kwa majivuno. Baba yangu alizikwa njiani. Mti gani, sijui. Nimefika nchi hii mtoto, nimelima, nimepewa uraia, nimeapa. Lakini mtoto wangu akiulizwa kwenu wapi, anaonyesha karatasi. Nilitaka aonyeshe kwa kidole. Pale. Ndani ya ukuta, kwa fundi Yakobo, ambapo hakuna mtu atakayekuja kusema hameni. Ni hivyo tu."

Akakaa. Séverine alimfunga kifungo kimoja kilichokuwa kimeachia. Wale nyuki wa mnarani walisikika mpaka ndani.

Ndipo fimbo ya Kashinje ilipoanguka sakafuni.

"Subirini!" alisema akinyanyuka, kichwa chake kikagonga boriti. "Subirini kidogo. Nani kapewa kaburi? Mimi?"

"Wewe, Mzee Kashinje. Hongera."

"Hongera ya nini? Nimekosa nini mimi? Nina zizi langu la kuzikiwa, kama wazee wangu, mahali pangu pa kulala panajulikana tangu nikiwa ndama! Mtu mzima unampa kaburi mkononi, kweupe hivi, na jana tu nimekohoa? Mke wangu akisikia nitalala nje!"

"Lakini uliomba."

"Nilitania! Mtu anamtania mtani wake, nyie mnaandika?" Alimgeukia Libérat, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. Lilikuwa jambo gumu kwake, maana mtani anayejieleza ni kama mchekeshaji anayeomba radhi. "Mzee mwenzangu, nilikuwa nakutania. Wenzako wanakufa bila mtu wa kuwachekesha. Niliona si vizuri. Nikasema, huyu namchukua mimi. Sikujua kwamba hukujua."

Watu wote walimtazama Libérat. Aliangalia dirisha moja baada ya jingine. Kila uso aliouona ulikuwa wa mtu aliyejua.

"Wote mlijua?" aliuliza.

Wanakwaya walitazama viatu vyao.

"Na wewe, Mama Jeannine?"

"Viazi vilikuwa vinapendeza," alisema Séverine.

Mwenyekiti Deogratias alikohoa. Kwa mujibu wa hali ilivyobadilika, alisema, nafasi inakwenda kwa Mzee Libérat, aliyebaki peke yake. Agape aliandika. Kisha akainua kalamu. "Na bati, Mwenyekiti? Ahadi ya bati haisemi popote kwamba ni ya kutania. Nimeiandika, imesomwa mbele ya kikao, na haikupingwa."

Kashinje alihesabu kwa vidole. "Ng'ombe watano," alijisemea. "Nimetania ng'ombe watano." Na hapo kijiji kilicheka, na alicheka na yeye, kwa sababu mtani asiyejua kuchekwa si mtani.

Libérat peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amepata kaburi na kupoteza heshima siku hiyohiyo. Alitoka kwa mlango wa nyuma uliochongwa na fundi Yakobo, akaenda nyumbani bila ufagio.

*

Kwa siku nane alikaa ndani. Alisema hataki tena kaburi lenye historia ya kuchekwa. Alisema atazikwa uwanja wa mpira, golini. Viazi vilikuwa tayari, na aliyevichimba ni Séverine na wanawake wa kwaya. Kashinje alimtuma mjukuu wake kuomba kikapu kimoja cha viazi, akakipata, na inasemekana alivila vyote bila kuogopa mahali vilipotoka.

Siku ya tisa Jeannine alimkalia baba yake mbele.

"Papa, nikuulize. Alipokufa shangazi Spès mwaka jana, nani alichekesha?"

"Msiba si wa kuchekesha."

"Tulilia siku nne. Mama alipoteza sauti. Hakuna mtu hata mmoja wa kabila jingine aliyeingia kaburini, hakuna aliyedai kuku. Walisimama pembeni kwa adabu, kama wageni. Sasa wewe una mtu ambaye siku yako itakapofika atatoka Kakese kwa miguu yake aje akutukane. Anauza ng'ombe kwa ajili ya kukutukana. Nani mwingine kati yetu Warundi anaye?"

Libérat alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu lakini akifika hafiki nusu. "Mtani," alisema, "akitukanwa anafanya nini?"

"Anajibu."

"Mimi sikujibu hata mara moja vizuri. Miezi minne."

"Ulimwambia azikwe na ng'ombe."

"Lakini kumbe ndiko anakozikwa! Nilimpa maelekezo, sikumtukana." Alisimama. "Mama Jeannine! Niletee karatasi."

Mchana wote ulipita. Libérat alitembea chumbani akijaribu matusi kwa sauti, na Séverine, akiwa na maharage yake, alikuwa hakimu.

"Kashinje, wewe ni mrefu."

"Hilo si tusi, hilo ni kipimo."

"Wewe ni mrefu kama mnara, na kichwani una nyuki."

"Hilo lina dalili. Endelea."

"Nikikuona nakumbuka marehemu ndugu zangu, Mungu awapumzishe..."

"Umeanza kusali, Baba Jeannine. Rudi nyuma."

Jioni jua likiwa bado juu ya mikaratusi, barua ilikuwa tayari. Aliiandika kwa mwandiko wake wa kusimama, kila herufi imevaa viatu, na akaisoma mbele ya familia:

*Kwako Kashinje, mwenye miguu mirefu kuliko kitanda.*

*Nimepokea kwamba wewe ni mtani wangu. Ningepewa nafasi ya kuchagua ningechagua fisi, maana yeye hujitafutia hata mifupa, hasubiri kupandiwa viazi. Lakini umekwisha lala kwenye kaburi langu ukaliachia harufu ya zizi, na padri amekataa kulifukiza ubani, kwa hiyo tumefungwa pamoja.*

*Kaburi nimelikubali. Kuhusu bati, lisiwe la rangi nyekundu, nitakuwa nalitazama muda mrefu.*

*Siku nikifa utakuja mapema. Utaingia kaburini, utalala, utagoma kutoka, kama desturi yenu. Utadai kuku. Mke wangu nimeshamwagiza asikupe. Jeannine nimeshamwagiza asikupe. Mtabishana mpaka jua lizame, na mimi nitakuwa pembeni nimelala kwa raha, nasikiliza. Ukitangulia wewe, ninakuja huko zizini kwako kufanya hivyohivyo, na mimi sitaki kuku, nataka ndama.*

*Wako asiyekupenda, Libérat wa Itundwe.*

Séverine alikuwa ameacha kupembua. "Hilo," alisema akijifuta jicho kwa pembe ya kitenge, "hilo sasa ni tusi."

Libérat aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya kaki. Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa uzee, akaipaka uji wa muhogo, akaibana juu ya goti kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha alitoka nayo barabarani, akamsimamisha Zubery mwenye duka, aliyekuwa anakwenda Mpanda kwa pikipiki kufuata sukari na angepita Kakese.

"Kwa Mzee Kashinje. Umpe mkononi."

Zubery aliigeuza bahasha. "Ni nini, mzee? Wito wa baraza?"

"Matusi."

"Ya haraka?"

"Ya haraka sana," alisema Mzee Libérat. "Sisi wote wawili ni wazee."

Zubery aliitia barua kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapiga kiki.